Ametangulia Dirisha Gani?

Tarehe 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwanza, mengine baadaye. Hujambo? Kifua kimepona? Ule mvuke wa kufulia mashuka ya hoteli sijawahi kuuamini, hata ukiniambia mmewekewa feni. Mimi mzima, isipokuwa miguu, na miguu yenyewe tumeshazoeana, tunavumiliana.

Barua hii naiandika kwa mkono, kisha Fundi Saa, jirani yangu wa meza, ataipiga picha na simu yake akutumie. Anauliza kwa nini tusiongee tu. Nimemwambia kwenye simu wewe unalia, mimi nalia, salio linakwisha hakuna kilichosemwa.

Habari kubwa ni hii. Jiji linaandikisha upya kila mwenye meza barabarani. Vibali vya zamani vinafutwa, na Aprili ikiisha, meza isiyo na kibali kipya inapakiwa kwenye lori. Wamepita na kipaza sauti kutwa nzima, hata ambaye hakutaka kusikia amesikia. Na kibali cha meza yetu ya viatu hapo ukutani kwa posta kina jina la baba yako. Kwa hiyo jana nilifunga kazi mapema, nikavaa lile gauni la kijani, nikaenda ofisi ya jiji.

Mlangoni mlinzi akaniuliza, "Kibali cha nani, mama?" Nikamwonyesha. "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamjibu kama mtu mzima anavyojibu, nikasema, "Mwenyewe ametangulia."

Akasema, "Ametangulia dirisha gani?"

Nikarudia taratibu, "Kaka yangu, nasema ametangulia." Akachungulia ndani kwenye foleni, akanirudia, "Basi mfuate, mbona umesimama? Ukichelewa watafunga."

Nikaingia. Nilikaa kwenye benchi mpaka wa dirisha la pili akashusha pazia, sikumfikia. Njiani nilicheka peke yangu, watu wakanitazama. Nilipofika nyumbani na kufungua mlango sikuona tena cha kuchekesha. Nitarudi wiki ijayo.

Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi.

Mama yako

*

Tarehe 8 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, na feni ipo kweli, ingawa inapuliza joto lile lile kutoka upande huu kwenda upande ule. Miguu unaiinua jioni kama nilivyokwambia, au unaniitikia tu ndiyo ndiyo?

Nilicheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kuna nini. Nilimwambia nimetumiwa kichekesho. Halafu nami nikawa kama wewe, nilipoingia kwenye kile chumba tunacholala watu sita, kicheko kikaniishia.

Mama, meza ile si ya kuchezea. Kodi inatoka pale, dawa zinatoka pale, na mkataba wangu huku hakuna anayejua kama utaongezwa. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Ukinyang'anywa meza utakaa ndani kutwa unatazamana na kiti cha Baba. Nakufahamu. Utaacha hata kupika. Meza ndiyo inayokutoa nje.

Safari hii ukifika usizunguke. Waambie wazi kwamba Baba, yaani waambie ilivyokuwa. Watu wa ofisi hawana muda wa mafumbo.

Mwanao

*

Tarehe 21 Februari

Mwanangu,

Uko salama? Nakuombea afya kila nikipiga msumari. Mimi naendelea, miguu naiinua, usinitilie shaka.

Uliniambia nisizunguke. Sikuzunguka, nikaenda moja kwa moja, nikatumbukia shimoni.

Dirisha la pili yuko dada mmoja wa makamo, miwani ameifunga kamba shingoni. Si mtu mbaya, ila amechoka kuliko mimi. Anauliza swali huku mkono umeshaanza kuandika jibu. Akaniuliza, "Mwenye kibali ni nani kwako?" Mume wangu. "Mbona hajaja mwenyewe?" Nikakumbuka ulivyoniambia, nikajikaza, nikasema, "Ametuacha."

Akavua miwani. "Pole mama yangu. Wanaume ndivyo walivyo."

Kabla sijapata mdomo, muuza ndizi nyuma yangu akasema wa kwake alimwacha na watoto wanne akahamia kwa shoga yake, mtaa wa pili tu, wanaonana sokoni. Mwingine akasema afadhali wako amekuachia meza, wangu aliondoka mpaka na sufuria. Foleni nzima ikachangamka, kila mtu na wake. Mimi nimekumbatia mkoba nimeduwaa. Nikapewa karatasi imeandikwa kwamba mwenye kibali ametelekeza familia, niende ustawi wa jamii, ghorofa ya tatu, na lifti ni mbovu.

Huko juu nikakuta kijana mwenye tai. Akaniuliza baba yako alianza kubadilika lini, na je, kuna mwanamke mwingine? Damu ikanipanda. Nikamwambia mume wangu hajawahi kulala nje ya nyumba yake maisha yake yote, labda ile miezi ya hospitali. Akaandika "hospitali". Akainua kichwa akauliza, "Ni nesi?"

Mwanangu, nilimtetea baba yako mbele ya yule kijana kuliko nilivyowahi kumtetea tukiwa pamoja. Angenisikia angenitania mwezi mzima.

Sikumaliza. Nilishuka zile ngazi nimechoka mpaka nikakaa chini kwenye ile ya mwisho. Nilimaanisha ametuacha vile tunavyosema sote msibani. Kumbe neno lile lile ukilisema dirishani ni kesi.

Mama yako

*

Tarehe 25 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Sitacheka safari hii. Neno lipo, Mama, na wewe unalijua, na serikali inalijua. Hata la heshima lipo, limeandikwa kwenye fomu zao. Mtu akilitamka, kazi imekwisha. Februari ndiyo hiyo inaondoka na wewe wamekupandisha ghorofa ya tatu kumshitaki Baba kwa uzinzi.

Mimi niko mbali, siwezi kusimama dirishani kukusemea. Ningeweza ningefanya. Tafadhali.

Mwanao

*

Tarehe 16 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na hasira zako pia. Nimekaa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa naumwa hasira zangu mwenyewe, sasa zimepoa. Wewe je, u mzima? Nasikia huko baridi haijaisha.

Sasa sikiliza kazi iliyofanyika. Fundi Saa alifunga meza yake akanisindikiza kila mahali, akawa ndiye msemaji wangu. Kwanza hospitali, tukapata karatasi. Kutoka hospitali tukaenda kwa msajili, tukapata cheti. Kwa msajili tulikwenda mara tatu, maana mwenye mhuri alikuwa semina, kisha mhuri ulikuwepo wino ukawa umekauka. Kila mahali Fundi Saa alilisema lile neno kwa niaba yangu, nami natazama ukuta. Alilisema vizuri, kwa upole. Nilimshukuru na bado nilimchukia kidogo kila alipofungua mdomo.

Unaniuliza kwa nini silisemi. Nitakwambia, usinicheke. Mimi pale mezani namtaja baba yako kutwa. Mteja akibishana bei namwambia mzee hakubali hiyo. Soli ikikataa kushika namuuliza yeye, wewe hapa ungeweka gundi gani? Waliomzika ni wengine, waliotangaza ni wengine, na baba yako mdogo ndiye aliyekupigia wewe simu. Mimi sijawahi kulisema kwa kinywa changu. Nikilisema mimi, itakuwa kweli kutoka kwangu. Basi ni hilo tu.

Dada wa dirisha amepokea cheti na kufuta yale ya kutelekezwa. Ameona haya, akaniomba radhi. Lakini kuna jambo moja limebaki, na hili Fundi Saa hawezi kunifanyia. Wanataka barua ya kila mtoto wa mwenye kibali, na watoto ndio wewe peke yako. Uandike kwamba baba yako ndivyo ilivyokuwa, na kwamba huna pingamizi mimi kuichukua meza. Picha ya simu hawaitaki. Wanataka karatasi yenyewe, saini ya wino.

Na nikwambie lingine. Juzi nimezirudia barua zako zote. Na wewe hujaliandika.

Mama yako

*

Tarehe 22 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na nisamehe kwa ukali. Mwambie Fundi Saa nimemshukuru sana.

Barua nimeiandika leo mapumzikoni, kwa kalamu ya bluu, na nimeitia posta nikitoka kazini. Nimeandika kwamba Baba hatunaye tena na kwamba meza ni yako kwa moyo wangu wote. Naamini itatosha.

Hapa kazi ni nyingi, wageni wamejaa. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mwanao

*

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Hukuandika tena, nikajua ni kazi. Mimi nimevimba miguu lakini natembea.

Barua yako imefika jana, imekunjika pembe moja tu. Leo asubuhi nimeipeleka. Dada wa dirisha akaisoma, akainyanyua ili afisa wake wa nyuma aione, afisa akatikisa kichwa. Wakanirudishia. Akasema, "Mama, hapa ameandika hatunaye tena. Hamnaye, yuko na nani? Mkubwa anasema anaweza kuwa amesafiri." Nikawaambia cheti si mnacho? Wakasema cheti ni cha msajili, barua ni ya mrithi, kila kimoja kiseme chenyewe.

Sikulaumu. Nakuapia, nilipoisoma nilijua watairudisha, na bado niliipeleka hivyo hivyo, kwa sababu nami nilitaka ipite.

Mtaa wa nyuma wameshaanza na lori, hata Aprili haijaisha. Walimchukua muuza miamvuli, meza na vyote, eti alikuwa na kibali cha vitambaa. Alikimbia nalo lori mpaka kwenye kona. Nilimwona anarudi na mwamvuli mmoja tu mkononi, na mvua hakuna.

Basi nilipomwona yule nilirudi ofisini mchana huo huo. Nilipanga foleni upya. Dirisha lina kioo kina tundu dogo chini, ukitaka kusikika lazima uiname na upaze sauti. Nikainama. Nikasema, "Dada, huyu mwanangu anamaanisha baba yake amekufa. Mume wangu amekufa." Nikalisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anagonga mhuri.

Nilidhani kitu kitanitokea. Hakuna kilichotokea. Dada akasema, "Pole sana, mama. Lakini lazima aandike mwenyewe." Nikarudi kazini nikashona begi la shule, nikalishona kombo, nikalifumua.

Imebaki zamu yako. Sina maneno ya kukusaidia, maana mimi mwenyewe nililisema nimeinama. Tuma kwa njia ya haraka.

Mama yako

*

Tarehe 15 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Hii nimeitia kwenye bahasha moja na barua ya ofisi, njia ya haraka. Ya ofisi iko wazi, uisome ukitaka.

Nimechelewa kwa sababu nimechana karatasi nyingi. Huku hakuna anayejua, Mama. Siku ile Baba Mdogo aliponipigia nilikuwa kwenye mashine ya kunyoosha mashuka. Niliweka simu mfukoni nikaendelea kunyoosha. Msimamizi aliniuliza macho yamefanyaje, nikasema mvuke. Nilijiambia nitawaambia kesho, na kesho ikapita, na baada ya hapo ningewaambiaje? Wenzangu chumbani wananiuliza wazazi hawajambo, nasema hawajambo.

Wewe nyumba ilijaa watu. Mimi hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunipa pole. Na wewe na mimi tulilia tu, wafiwa hawapeani pole. Silalamiki. Nakwambia ili ujue kwa nini kalamu ilikuwa nzito.

Mwanao

*

Kwa Afisa wa Vibali vya Biashara Ndogo Ndogo,

KUHUSU: KUHAMISHA KIBALI CHA FUNDI VIATU, MEZA YA UKUTA WA POSTA

Mimi ni mtoto wa pekee wa mwenye kibali. Jina lake na namba ya kibali nimeviandika juu ya karatasi hii.

Baba yangu amekufa. Alikufa mwezi wa Agosti, hospitalini, asubuhi, mama yangu akiwa amekwenda kumchemshia maji. Sikumzika. Nilikuwa kazini nchi nyingine na pasipoti yangu ilikuwa kwa mwajiri. Sijaliona kaburi lake.

Sina pingamizi lolote mama yangu kuandikwa kuwa mwenye meza. Anashona yeye tangu mikono ya baba ilipoanza kutetemeka, na huenda viatu vya baadhi yenu humo ndani vina mkono wake. Naomba asirudishwe tena, miguu yake haimruhusu. Kama kuna mahali nimekosea utaratibu naomba radhi, lakini lile neno nimeliandika sawasawa.

Wenu,
Binti wa marehemu

*

Tarehe 30 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Leo sikuulizi hujambo. Najua hujambo yako ilivyo, na yangu unaijua. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, miguu juu ya mto, na kibali kiko hapa pembeni. Kina jina langu, limekosewa herufi moja, na sirudi kule kwa ajili ya herufi moja. Ni cha mwaka mzima. Mwaka ukiisha tutaanza upya, lakini leo sitaki kuufikiria. Lori lilipita saa ya mchana, mtu akashuka, akakitazama, akaenda zake.

Sasa nikwambie ilivyokuwa asubuhi, kisha nilale.

Barua yako ilifika jana, siku ya mwisho ni leo. Nimefika mapema na tayari watu wamejaa mpaka nje ya mlango, kila mtu na bahasha yake. Zamu yangu ilipofika nikaipitisha karatasi chini ya kioo. Dada wa dirisha akaisoma kimya. Akairudia. Hakumwonyesha afisa. Akagonga mhuri pale pale, akaandika, akanipa kibali, nikadhani yamekwisha, nikageuka.

Akaniita. "Mama, huyu binti alipata kuja?"

Nikamwambia hakupata.

"Na huko aliko, ana watu wa kwetu?"

Nikamwambia hana mtu anayejua.

Kisha akashusha pazia la dirisha, na foleni ikaanza kunung'unika, siku ya mwisho halafu anafunga! Mlango wa pembeni ukafunguka akatokea yeye. Ni mfupi, sikuwahi kumwona amesimama. Amekuja mpaka mbele yangu, akanipa mkono. Nikasema asante dada, ulishanipa pole siku ile. Akasema, "Ile ilikuwa yako. Hii ni ya binti yako. Mfikishie."

Aliyekuwa nyuma yangu ni fundi wa baiskeli, simjui. Akauliza kuna nini, dada akamwambia kuna binti yuko mbali, amefiwa na baba yake, hajapewa pole. Fundi akafuta mkono kwenye suruali, akanipa. "Mpe na yangu." Wa nyuma yake akaja. Mwanangu, walikuja wote. Hawakusukumana, maana foleni ilikuwa imeshapangwa, ilisogea tu kama inavyosogea siku zote. Muuza ndizi alikuwepo, akanikumbatia na kusema nimwambie binti kwamba baba yake yeye pia alikufa wakati yeye mwenyewe yuko safarini, anajua. Yule wa miamvuli alikuwepo. Kijana mwenye tai alikuwa anashuka ngazi na faili zake, akapanga mstari mwishoni na yeye. Mlinzi ndiye aliyefunga mstari, akavua kofia.

Wote walisema pole hizo ni zako. Hakuna aliyenipa mimi. Nimezipokea kwa mkono wangu wa kulia, moja moja, na nimekuja nazo hivyo hivyo mpaka nyumbani. Siwezi kukaa nazo, si zangu. Kesho ukifika kazini mwambie hata mmoja tu, yule wa kitanda cha jirani, halafu umwache akushike mkono.

Ulisema wafiwa hawapeani. Leo mimi sikuandikii kama mfiwa, nakuandikia kama mtu wa mwisho kwenye ile foleni.

Pole, mwanangu. Pole kwa kufiwa na baba.

Mama yako